Kijiti Chini ya Usukani

Wapo wanaoisikia methali isemayo "mficha uchi hazai" wakainamisha uso, wakadhani wahenga walikosa adabu siku hiyo. Hawakukosa. Walimaanisha kwamba mtu mwenye haja, akiificha kama anavyouficha mwili wake, asitarajie jirani aione kupitia nguo. Hata mkunga mwenye mikono myepesi hawezi kumsaidia mzazi aliyejifunika gubigubi. Akankwasa aliyajua hayo tangu akiwa shule ya msingi, akayaandika vizuri na mwalimu akamwekea alama ya vema. Lakini kuyajua kwa kalamu ni kitu kimoja, na kuyajua kwa ngozi ni kitu kingine.

Akankwasa alikuwa binti wa Mzee Tumwesigye, mfugaji aliyekaa pembezoni mwa Kibingo, pale migomba inapokoma na nyasi kuanza. Alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini, na macho yake hayakupitwa na kitu. Alipomaliza darasa la saba alirudi kwa ng'ombe. Baadaye mjomba wake alimfundisha kuendesha pikapu ya kukusanyia maziwa, akaiendesha kwa miaka, hata watu wakazoea kuona kilemba chake nyuma ya usukani. Mjomba alipoiuza ile pikapu, Akankwasa alisema neno moja tu nyumbani: sasa alitaka lori.

Palikuwa na mtamba mwekundu aitwaye Bihogo, ambaye bibi yake alimwachia Akankwasa kabla ya kufariki. Bihogo aliuzwa. Kwa fedha hiyo Akankwasa alisoma udereva wa magari makubwa huko Kayanga, akafaulu, akapata leseni yake. Siku ya mwisho mwalimu aliwaambia, "Malori yanalipa. Mwenye leseni hii hafi njaa." Yanalipa kiasi gani, kuanzia lini, na baada ya kujifunza nini tena, mwalimu hakusema na hakuna aliyeuliza. Kaka yake Akankwasa, Alistides, ndiye aliyeijaza ile nafasi iliyobaki wazi.

"Dereva wa lori hanunui nyama ya robo kilo," alisema Alistides jioni wakikamua. "Anaondoka mikono mitupu, anarudi na mabati juu ya gari."

Mzee Tumwesigye alisikiliza bila kuinua kichwa. Lakini kuanzia siku hiyo, moyoni mwake, alimwona Bihogo akirudi nyumbani, tena na ndama nyuma yake.

Katika boma lile kulikuwa na adabu moja isiyovunjwa. Ng'ombe hawakuhesabiwa kwa sauti, na aliyeahidiwa ng'ombe hakuuliza ni yupi wala lini. Anayeuliza ni mlafi, na mbele ya mlafi mkono wa mtoaji hufumba. Unachunga, unanyamaza, unangoja; siku mwenye mifugo akiridhika atanyoosha fimbo yake na kusema, "Yule." Palikuwa na mchungaji mmoja wa zamani aliyewahi kuuliza, "Na mimi utanipa yupi?" Mchungaji huyo alishakufa, lakini wajukuu zake walikuwa wakitaniwa hadi leo.

Kwa adabu hiyo mzee alimpeleka binti yake Omurushaka, kwa mama mmoja mfanyabiashara wa ndizi na maharage. Jina lake Vestina, ila watu walimwita Mama Fidele kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani wakiwa vibarua wa mashamba, naye alipanda ngazi kutoka kikapu cha kichwani hadi lori lake mwenyewe. Aliongea haraka, alicheka haraka, na mikono yake ilikuwa wazi kama mlango wa kanisa.

"Shikamoo, mama," alisema Akankwasa akipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mketi."

Mzee alimkabidhi kibuyu cha maziwa. Waliulizana habari za mvua, za nyasi, za magonjwa, za wafu na za walio hai. Mwishowe Vestina aliikagua leseni ya Akankwasa, akairudisha mezani.

"Sasa mzee wangu, binti nimemwona. Mnataka tufanyeje?"

Tumwesigye aliegemea fimbo yake. "Mama Fidele, mimi nimemleta. Mkono wako ndio utakaosema."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Vestina alimtazama kidogo, kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi, kisha uso ukamng'aa. "Mungu akubariki, mzee. Wazazi wenye moyo huo wameisha. Atakuwa kama mtoto wangu wa kumzaa."

Mzee alirudi Kibingo akipiga mluzi. Akankwasa alibaki na mfuko wake wa nguo, akiligeuza lile neno kichwani kama mtu anayegeuza kiazi cha moto mkononi. Kama mtoto wake wa kumzaa. Lilikuwa neno tamu. Lakini mtoto wa kumzaa analipwa? Alijikaripia kwa kuwaza hivyo. Mkono utasema.

Dereva wa lile lori alikuwa Mzee Methodius, Mnyambo mnene mwenye kofia ya sufu, aliyeijua kila kona kutoka Kamuli hadi Bukoba kama anavyoijua njia ya kwenda chooni kwake. Akankwasa aliwekwa chini yake. Kazi ikaanza, na kwa sehemu kubwa haikuwa kazi ya usukani. Alipanga mikungu ya ndizi na kuitandikia majani isichubuke. Alifunga turubai na kukaza kamba mpaka viganja vikaota sugu. Gari likisimama mlimani, yeye ndiye aliyeruka chini kuweka jiwe nyuma ya tairi. Kwenye tambarare, kama mzee ameshiba na jua si kali, aliambiwa, "Haya, mama, kaa hapa," akaendesha mpaka penye mteremko, akarudi kwenye kiti chake.

Naye alitazama. Alijua Methodius anabadili gia mbele ya mti upi na anapiga honi kwenye kona ipi. Kitu kimoja tu kilimtatiza. Chini ya usukani palikuwa na kijiti kifupi cheusi. Kila walipofika mwanzo wa mteremko wakiwa na mzigo, Methodius alirudisha gia, akakivuta kijiti kile kwa vidole viwili, na lori likatoa sauti ya kukohoa kwa kifua kizito. Lori bovu walilojifunzia Kayanga halikuwa na kijiti. Akankwasa alidhani ni cha kupoza injini. Baadaye akadhani ni cha kutoa maji yaliyojaa mahali fulani. Hakuuliza. Dereva mwenye leseni atauliza kijiti?

Kwa upande wa malipo mambo yalikuwa ukungu mtupu wa asubuhi. Kila safari ilipokwisha, Vestina alimpa Methodius bahasha yake. Kisha alimgeukia Akankwasa kwa tabasamu na kumpa kitu: leo kanga, siku nyingine sukari na sabuni, "upeleke kwa mama nyumbani." Wakati wa Pasaka alimnunulia viatu. Je, huo ndio mshahara? Kama ni mshahara, mbona ni mdogo hivi? Kama ni zawadi, mshahara uko wapi? Siku Vestina alipompakulia nyama kabla ya wengine, alilala akiwa na hakika kwamba kesho mkono utasema. Kesho yake mkono ulimpa fagio, akafagia stoo.

"Hata ng'ombe ana afadhali," aliwaza. "Akitaka kukupiga teke, anakunja mkia kwanza."

Mara moja alijaribu kumdokeza Methodius, kwa namna ambayo mtu yeyote wa kwao angeielewa. Walikuwa wameegesha gari Kamuli wakingoja wakulima wateremshe ndizi.

"Mzee," alisema Akankwasa akiangalia kando, "kwetu mwaka huu wachungaji wengi wamepata ndama."

"Hongereni," alisema Methodius.

"Hata waliochunga muda mfupi."

"Mvua ilikuwa nzuri, waitu," alijibu mzee kwa adabu ya Kinyambo, akafunika uso kwa kofia na kusinzia.

Alipokwenda nyumbani kusalimia, hali ilikuwa ngumu zaidi. Mama yake, Edvina, alipokea sukari, akashukuru, akaitazama kwa muda mrefu kuliko sukari inavyotazamwa. Majirani walikuwa wameshaanza. Walisema Tumwesigye ameuza mtamba ili binti yake akawe utingo wa kufunga kamba. Mzee alimwita pembeni ya zizi.

"Umekunywa maziwa?" aliuliza. Alimaanisha kama ameshalipwa.

"Bado, baba."

"Anaonyesha dalili?"

Akankwasa alifikiria kanga, viatu, nyama na fagio. "Dalili zipo," alisema, "ila sizielewi zinaelekea wapi."

"Subira yavuta heri. Usije ukamwuliza, tafadhali. Usinivunjie uso." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini mvua ya vuli ikipita bila kitu, utarudi. Mtu alikuja kumposa dada mmoja wa hapa, akaniuliza habari zako. Sikumjibu. Siwezi kuwa na mtamba aliyeuzwa, tena binti asiyeeleweka ni dereva au ni nani."

Basi Akankwasa alirudi Omurushaka akiwa na muda wa kuhesabika. Vuli ikipita, usukani umepita. Hapo ndipo zilipokuja habari mbili siku moja, kama mapacha. Ya kwanza, Vestina amenunua lori la pili, linakuja. Ya pili, amekuja kijana kutoka Bukoba kuomba kazi.

Kijana huyo aliitwa Deodatus, na leseni yake ilikuwa changa kuliko ya Akankwasa. Alivaa miwani ya jua kichwani, akasalimia kwa heshima, akaketi. Akankwasa alikuwa anamenya ndizi pale barazani, akasikia kila neno.

"Mama, kabla sijagusa gari lako," alisema Deodatus, "naomba kuuliza. Mshahara ni shilingi ngapi? Posho ya njiani ipo au inatoka humohumo? Gari likiharibika porini, chakula changu ni juu ya nani? Na mafunzo ni ya muda gani kabla sijaachiwa gari peke yangu?"

Akankwasa alijikata kidole kidogo. Alimwonea kijana wa watu huruma, akangoja Vestina ainuke na kumwonyesha barabara. Moyoni aliona tayari wajukuu wa Deodatus wakitaniwa.

Vestina alicheka. "Wewe umetoka tumboni na karatasi ya mkataba. Sikia basi." Akamjibu moja baada ya jingine, kama mtu anayepanga mafungu ya nyanya sokoni. Dereva mpya hukaa chini ya Methodius miezi mitatu na kulipwa nusu. Posho ya njiani iko mbali na mshahara. Kisha hupimwa: anateremka na mzigo kamili kutoka Kamuli, na kuliingiza gari kinyumenyume hadi mlango wa stoo. Akifaulu analipwa kamili na kupewa gari. "Na usidhani ni fedha za kujengea ghorofa. Mwaka wa kwanza utakula, utavaa, utabakiza kidogo. Wanaowaambia mabati wanawadanganya."

"Afadhali nimejua," alisema Deodatus. "Mwalimu wetu alituambia malori yanalipa, akanyamaza."

Kisu kilisimama mkononi mwa Akankwasa. Kumbe mambo yote hayo yalikuwepo. Nusu ilikuwepo, kamili ilikuwepo, hata kipimo kilikuwepo, yote yamekaa mdomoni mwa Mama Fidele kama nguo sandukuni, yakingoja wa kufungua kifuniko. Yeye alishapita ile miezi mitatu zamani. Je, alikuwa analipwa nusu ya nini? Au hayo ni ya wanaume? Au kuna kosa alilotenda? Maswali yalimzonga kama nzi kwenye maziwa, na kila alipofungua mdomo aliiona fimbo ya baba yake.

Siku ya kupimwa ilifika kabla vuli haijaisha. Walipanda Kamuli mapema, wakapakia hadi mikungu ikagusa turubai. Deodatus, ambaye kwa muda wote huo alikuwa amemsumbua Methodius kwa maswali mpaka mzee akaanza kujifanya kiziwi, alipewa zamu ya kwanza. Alirudisha gia, akavuta kijiti, lori likakohoa, likateremka polepole kama mzee anayeshuka ngazi. Chini waligeuza, wakapanda tena na mzigo ule ule.

Methodius alimgeukia Akankwasa. "Mama Fidele hakunituma, lakini mimi nasema na wewe upimwe. Umekaa hapa zaidi ya huyu. Gari la pili linataka mtu."

 Huu ndio mkono unaosema, aliwaza Akankwasa, ila unasema kwa kinywa cha mwingine. Alikaa, akarekebisha kiti, akaondoa gari kwa ulaini kama anayemwamsha mtoto. Mteremko ulipoanza alirudisha gia kama alivyoona. Mkono wake ulikwenda kwenye kijiti, ukasita. Kama kinatoa maji, je, akiyatoa wakati mbaya? Kama kinapoza injini, injini haijapata moto. Aliuondoa mkono. Akakanyaga breki ya mguu kama walivyofundishwa Kayanga kwenye lori tupu, kwenye uwanja wa tambarare.

Lori lilitii mwanzoni. Kwenye kona ya pili alikanyaga tena, na mguu ulizama zaidi ya ulivyozama mwanzo. Harufu kali ya kitu kinachoungua ikaingia dirishani. Ndizi zilikuwa zinasukuma kwa nyuma kama kundi lililonusa maji. Deodatus alishika dashibodi. Methodius hakupiga kelele. Alinyoosha mkono wake mnene, akakivuta kijiti, na lori likakohoa na kujizuia lenyewe.

"Sasa gia ya chini. Taratibu. Elekea kwenye majani yale. Hapo hapo."

Lori lilisimama tairi moja likiwa kwenye majani. Deodatus aliruka chini kuweka jiwe. Moshi mwembamba ulipanda kutoka magurudumuni. Akankwasa aliacha mikono yake juu ya usukani kwa sababu hakujua mahali pengine pa kuiweka.

"Nani alikufundisha kushusha mzigo kwa breki ya mguu?" aliuliza Methodius.

"Hakuna, mzee."

"Na hiki?" Aligusa kijiti.

 Akankwasa alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayevua nguo mbele ya daktari, "Sikijui. Tangu siku ya kwanza nakiona unakivuta. Sijui ni cha nini."

Methodius alivua kofia, jambo ambalo halikuonekana mara nyingi. "Kinaziba njia ya moshi, injini inajikaba, ndiyo inayolishika gari badala ya breki. Bila hicho, breki zinapata moto mpaka hazishiki tena. Sasa mama, mbona hukuniuliza?"

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Mtu ana leseni. Nimwambie hiki ni kijiti, hiki ni kiti? Si nitakuwa nimemtukana?"

Walitazamana, wote wawili watu wa adabu, na adabu yao nusura iwapeleke bondeni pamoja na ndizi za watu. Deodatus, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Mimi nilimwuliza mara tatu hiki kijiti, dada. Mara ya kwanza aliniita mjinga. Mara ya pili alinieleza. Mara ya tatu ilikuwa ya kumchokoza."

Walingoja magurudumu yapoe. Methodius mwenyewe aliliteremsha lori. Njia nzima Akankwasa hakulia. Alikuwa anawaza jambo moja, na kwa mara ya kwanza tangu aje Omurushaka wazo lake halikuwa na ukungu. Alikuwa ametazama vitu vyote. Alikuwa na macho ya kumtosha mtu na jirani yake. Lakini jicho lilikiona kijiti tu. Jina lake na kazi yake vilikuwa mdomoni mwa mtu mwingine, na mdomo wa mtu haufunguliwi kwa kutazamwa.

Jioni Vestina alikuwa barazani akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa ameshasikia. Akankwasa alipiga goti mbele yake, kisha, badala ya kungoja, akasema.

"Mama, naomba uniwie radhi kwa nitakalosema. Mimi hapa kwako ni nani?"

Vestina aliinua uso. "Wewe ni Akankwasa. Jua limekupiga?"

"Ni dereva ninayejifunza kama Deodatus? Au ni utingo? Au ni mtoto wa nyumbani? Nikijua, nitaelewa kanga ni nini na viatu ni nini. Mimi nilikuja kutafuta mshahara, mama. Sijawahi kuupata na sijui kama nimekosa."

Ungo ulisimama. "Mshahara? Baba yako alisema hataki kitu."

"Alisema mkono wako utasema."

"Ndiyo. Nikasema moyoni, mzee huyu muungwana hataki kunitajia bei, anataka mwanawe afundishwe, nimpe nitakachojaliwa. Nimekuwa nikijisifu kanisani kwamba nafundisha mtoto wa watu bila kumdai ada." Alishika shavu. "Kumbe alikuwa anamaanisha nini?"

"Alimaanisha utaje wewe, kwa sababu yeye akitaja atakuwa mlafi."

Vestina alimtazama kwa mshangao mkubwa, kisha akaanza kucheka, kisha akaacha. "Nyie watu wa ng'ombe," alisema taratibu. "Mnaongea na binadamu kama mnaongea na mbingu. Na mimi nilikuona umenyamaza, nikasema huyu ameridhika. Mbona umekaa na jambo hili muda wote huu?"

"Niliogopa mkono utafumba."

"Mkono haukufumba, mwanangu. Haukujua kuna mtu anangoja." Alirudisha ungo magotini. "Sikiliza. Gari la pili ni la Deodatus. Kipimo amepita, mlimani na mlangoni pa stoo, na wewe hukupita. Hilo siwezi kulipindua. Ya nyuma nayo sitalipa, maana umekula kwangu na kulala kwangu, na hatukupatana. Lakini kuanzia kesho uko chini ya Methodius kwa nusu, kama ilivyo kwa kila dereva mpya, na posho yako mkononi mwako. Ukiteremka Kamuli salama utalipwa kamili, na yule mzee anataka kupumzika, goti lake linamsumbua. Umesikia? Una swali?"

Akankwasa alikaribia kusema hapana, kama alivyozoea. "Ninalo," alisema. "Gari likiharibika porini, chakula ni juu ya nani?"

Vestina alimrushia punje ya haragwe.

Mvua za vuli zilipoanza kukatika, Mzee Tumwesigye alikuja na fimbo yake na kibuyu cha maziwa, akiwa amejiandaa kumchukua binti yake. Alimkuta yuko uwanjani, amevaa bwelasuti yenye grisi, amelirudisha lori kinyumenyume hadi mlango wa stoo bila kugusa ukuta, na Methodius amekaa kwenye gunia anakunywa chai. Wiki hiyo alikuwa ameteremka Kamuli na mzigo kamili, na lori lilikohoa kila mahali lilipotakiwa kukohoa.

Wazee waliketi barazani. Wakaulizana habari za mvua, za nyasi, za wafu na za walio hai. Mwishowe mzee alikohoa kidogo, akaanza, "Mama Fidele, mimi sina neno. Mkono wako—"

"Baba," alisema Akankwasa akipiga goti, "nisamehe nikukate. Mkono wa mama tumeshaongea nao. Nimemaliza nusu, sasa naanza kulipwa kamili." Akataja kiasi, kwa sauti, mbele ya watu wote.

Mzee Tumwesigye alivuta kofia yake hadi ikafunika macho. Alikaa hivyo kwa muda, kama mtu aliyeona binti yake akipita uwanjani bila nguo. Vestina aliangalia chai yake. Methodius aliangalia goti lake. Kiasi chenyewe hakikuwa cha mabati wala cha kumrudisha Bihogo mwaka huu, na hilo kila mmoja alilijua.

Mikono ya mzee ilijikunja juu ya fimbo, ikakunjuka. Kisha kutoka chini ya ile kofia ilitoka sauti ya chini, sauti ya mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu.

"Na posho ya njiani," aliuliza, "iko humohumo, au iko mbali?"

"Iko mbali, baba."

"Ahaa," alisema mzee, akaisogeza kofia nyuma, akaliona lori vizuri kwa mara ya kwanza. Nao waliokuwa pale barazani, kila mmoja kwa lugha ya kwao, wakakubali moyoni kwamba wahenga hawakukosa adabu hata kidogo: mficha uchi hazai.